Mvuto wa Teknolojia Mpya: Maana Yake na Chanzo Chake

Mvuto wa teknolojia mpya ni hali ya mtu kutamani chombo au huduma ambayo ndiyo kwanza imeingia, mara nyingi kabla hajajua kwa hakika itamfaa vipi. Wengi huiita tamaa, na kwa mnunuzi anayezunguka madukani Kariakoo akiulizia toleo jipya la simu, ilhali aliyonayo mfukoni ni nzima, lawama hiyo huenda ikawa na ukweli. Hata hivyo, haielezi kwa nini watu wenye kipato kidogo, wasio na shilingi ya kuchezea, hukipokea kitu kimoja kipya kwa haraka na kukipuuza kingine.

Mwanasosholojia wa Marekani, Everett Rogers, aliyechapisha nadharia yake ya kuenea kwa uvumbuzi mwaka 1962, aliona kwamba watu huvutwa na kitu kipya kikiwa bora kuliko kilichopo, kikiendana na mazoea yao, kisipokuwa kigumu kutumia, kikiweza kujaribiwa kidogo kidogo, na matokeo yake yakionekana wazi kwa majirani. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, inaonyesha jambo hilo vizuri. Kabla ya hapo, mkazi wa Mbagala aliyetaka kumsaidia mama yake aliyeko Songea aliweza kutia noti kwenye bahasha, akaipeleka kituo cha mabasi cha Ubungo, akamkabidhi dereva au kondakta, kisha akabaki na wasiwasi mpaka apate habari kwamba imefika. Huduma mpya haikumtaka aache desturi ya kukumbuka nyumbani, bali ilimwondolea safari na hofu. Ilifanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, iliweza kujaribiwa kwa kiasi kidogo cha fedha, na wakala aliyekaa kibandani mtaani aliifanya ionekane kila siku. Kadiri ndugu, wenye maduka na wateja walivyojiunga, ndivyo faida ya kujiunga ilivyozidi kwa aliyebaki, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye nguvu kubwa kuliko zote: mtu huvutwa na watu wake walioko ndani ya teknolojia hiyo zaidi ya kuvutwa na chombo chenyewe.

Ubongo nao una sehemu yake. Majaribio ambayo mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake waliwafanyia nyani katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya kupata zawadi, huchangamka sana mnyama anapopata zawadi asiyoitarajia, au anapoona ishara kwamba zawadi inakuja, lakini zawadi iliyokwisha kutabirika haizichangamshi tena. Hii inasaidia kueleza kwa nini simu inayosubiriwa hupendeza kuliko ile iliyokwisha kuzoeleka mkononi.

Rogers aliwagawa watu kwa kufuata wanavyotangulia kupokea kitu kipya, na aliwaweka asilimia 16 katika kundi la mwisho, la wachelewaji. Jina hilo naliona halina haki, kwa sababu mzee wa Temeke anayejifunza kupokea fedha kwa simu, kwa kuwa wanawe hawatumi tena kwa njia nyingine, hakuchelewa kuvutwa. Yeye hakuvutwa kabisa. Alisukumwa na kufungwa kwa njia aliyoizoea, na takwimu za watumiaji humhesabu sawasawa na aliyeitamani huduma hiyo tangu siku ya kwanza.