Matibabu ya Meno Baada ya Jeraha Kubwa katika Bima ya Afya ya Umma

Katika bima ya afya ya umma, matibabu ya meno baada ya jeraha kubwa ni huduma za kinywa na taya ambazo mfuko huzilipia kwa sababu mwanachama ameumia, wala si kwa sababu jino lake limeoza au ufizi wake umeugua. Dhana hii imezaliwa na ukweli kwamba mifuko mingi huyaacha matibabu ya kawaida ya meno nje ya kitita cha mafao, kisha huwawekea majeruhi msamaha wenye masharti.

Wengi hudhani kwamba ukubwa wa ajali ndio unaoleta haki ya kulipiwa. Mara nyingi sivyo, kwani kinachoangaliwa ni kiungo kinachotibiwa na mahali kinapotibiwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya umma hasa ya wazee, haiuruhusu mpango huo kulipia kuziba, kung'oa wala kurudishia meno, pamoja na sehemu zinazoyashikilia. Lakini taya likivunjika, kuliunga hulipiwa, na hata kufunga meno kwa waya hulipiwa iwapo kunafanywa ili mfupa uunge. Nchini Kanada, sheria ya afya ya mwaka 1984 inatambua upasuaji wa kinywa unaofanywa na daktari wa meno hospitalini, pale tu ambapo hauwezi kufanyika ipasavyo nje ya hospitali. Ndiyo maana mtu aliyegongwa na gari anaweza kulipiwa vyuma vya kuunga taya, halafu akaachiwa mwenyewe gharama ya meno yaliyong'oka kwa pigo lilelile. Kitabibu mgawanyo huo ni dhaifu, kwa kuwa mfupa unaobeba meno husinyaa yanapokosekana.

Muda nao huleta utata, na hapa ndipo majeruhi wengi hupoteza haki yao. Jino la ukubwani lililong'oka zima huwa na nafasi nzuri zaidi ya kushika likirudishwa mapema, hasa ndani ya saa moja, na kwa kawaida huhitaji kutibiwa mzizi; ila kiini (sehemu laini ya ndani yenye mishipa) cha jino lililogongwa au kulegea bila kung'oka kinaweza kufa miezi au hata miaka baadaye, nalo likahitaji kutibiwa mzizi. Mtoto naye kwa kawaida hawekewi kipandikizi, yaani mzizi bandia unaopachikwa kwenye mfupa, mpaka taya lake limalize kukua. Ukomo wa muda wa kudai unaotosha kwa mguu uliovunjika unaweza, kwa meno, kufika kabla hitaji lenyewe halijajitokeza. Kwa sababu hiyo, taarifa ya daktari ya siku ya kwanza inapaswa kutaja kila jino lililoguswa, hata lililolegea tu, na kuambatana na picha za eksirei.

Kabla ya kutoa kibali, mfuko unaweza pia kuuliza kama yupo mlipaji mwingine, kwa mfano bima ya gari lililosababisha ajali au fidia ya wafanyakazi, na akiwapo, mara nyingi huyo ndiye anayetakiwa kulipa kwanza.