Faili iliyosimbwa: ruhusa unayo, ufunguo huna

Kwenye Windows, ukibofya folda kwa kitufe cha kulia na kuingia kwenye sifa zake za ziada, utakuta kisanduku cha kuweka tiki ili vilivyomo visimbwe. Wengi huweka tiki pale wakidhani wanatia kufuli. Lakini kufuli hulinda mlango tu. Mwenye nyundo akishauvunja, vitu vya ndani atavikuta vilevile. Kusimba ni kuvuruga maandishi yenyewe. Barua, picha au hesabu zako hugeuzwa kuwa vurugu la herufi, na hakuna wa kulirudisha bila namba moja ndefu ya siri. Namba hiyo ndiyo ufunguo.

Ndiyo maana fundi anaweza kuing'oa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, akajifanya mmiliki wa folda zote, na bado faili hizi zikamgomea. Kompyuta inamjibu kwamba hana ruhusa, naye anashinda mchana kutwa akizihangaikia ruhusa. Ujumbe huo unapotosha, maana ruhusa keshajipa zamani. Kubahatisha nako hakumsaidii: ufunguo wa biti 256 ni mmoja kati ya namba nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 78.

Mfumo huu wa Windows unaitwa EFS. Ulianza na Windows 2000, unafanya kazi kwenye diski za NTFS (mpangilio wa kuhifadhi faili wa Windows), na matoleo ya Windows yaitwayo Home hayana. Kila faili hupewa ufunguo wake. Ufunguo huo husimbwa kwa ufunguo wa umma wa mwenye akaunti, yaani ule unaofunga tu bila kufungua, kisha hubandikwa kwenye faili ileile. Anayeweza kuusimbua ni mwenye ufunguo wa siri, ambao umehifadhiwa ndani ya akaunti yake, nao unalindwa kwa nenosiri lake. Ni kasha ndani ya kasha. Mwenyewe hayaoni haya yote: akishaingia kwenye akaunti, faili zinafunguka kama kawaida, na hapo ndipo anaposahau kwamba kuna ufunguo.

Anakumbushwa siku kompyuta inapokuwa nzito na fundi anapiga Windows upya. Nyaraka zilihamishiwa diski ya nje ya NTFS, zote zipo, majina yanasomeka. Akaunti mpya imepewa jina lilelile na nenosiri lilelile, lakini kwa kompyuta huyu ni mtu mwingine kabisa. Ufunguo wa siri umefutika pamoja na akaunti ya zamani. (Kabla ya toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, angezinakili kwenye flashi ya FAT32, mpangilio wa zamani kuliko NTFS, akiwa ndani ya akaunti yake, zingesimbuliwa njiani, kwani FAT32 haikuwa na EFS. Ilikuwa nusura ya bahati, lakini pia njia ya siri kuvuja bila mtu kujua.)

Ajali ya pili ni nenosiri kubadilishwa kwa nguvu na msimamizi wa kompyuta, badala ya mwenyewe kulibadilisha kwa kuandika kwanza lile la zamani. Kwenye akaunti ya kompyuta hiyo pekee, kuanzia Windows XP, ufunguo wa siri hubaki umefungwa kwa nenosiri la zamani. Ukilikumbuka na kulirudisha, faili hufunguka.

Kwa hiyo kurejesha faili ni kutafuta ufunguo. Tafuta kwanza nakala ya cheti cha EFS pamoja na ufunguo wa siri, faili yenye mwisho .pfx, na nenosiri lake. Kama ni kompyuta ya ofisi, ulizia kama kulikuwa na wakala wa urejeshaji, yaani akaunti ya pili iliyoruhusiwa kusimbua. Ikishindikana, tazama kama folda ya Windows.old, yenye mabaki ya Windows ya zamani, ingalipo: folda ya mtumiaji wa zamani ikiwa nzima na nenosiri likikumbukwa, zipo programu za kuutoa ufunguo humo. Bila hivyo, mtu anayekuahidi kuzifungua kwa malipo ya mkupuo anataka hela yako tu.

BitLocker, mfumo mwingine wa kusimba wa Windows, ni jambo jingine, kwani husimba diski nzima. Mfumo huo hudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Kama bado faili zako za EFS zinafunguka, andika amri cipher /x kwenye dirisha la amri (Command Prompt) leo upate hiyo .pfx, iweke nje ya laptopu, kisha ijaribu kwenye kompyuta nyingine kwa faili moja isiyo na thamani.