Usimkabidhi mwanamke utamaduni wa kazi bila kumkabidhi mamlaka

Kampuni ikimteua mwanamke kuwa mkurugenzi mtendaji, tangazo la uteuzi mara nyingi huwa na sentensi ileile: ataimarisha mshikamano, ataboresha mazingira ya kazi, atawaleta watu pamoja. Nimewashauri viongozi na idara za rasilimali watu kwa miaka mingi, na sentensi hiyo hunitia wasiwasi. Akiteuliwa mwanamume tunaambiwa ataongeza mauzo, atafungua masoko mapya, atapunguza gharama. Akiteuliwa mwanamke tunaambiwa atawatunza watu. Kisha anaingia ofisini na kukuta bajeti ya mishahara inaamuliwa na mtu mwingine na kamati ya kupandisha vyeo ina wenyewe. Yeye amebakiziwa hotuba za kutia moyo na sherehe za kufunga mwaka.

Utamaduni wa kazi ni jumla ya mambo ambayo wafanyakazi wamejifunza kuwa yanalipa, na yale waliyojifunza kuwa yanaponza. Wanajifunza kwa kutazama. Nani alipandishwa cheo? Nani alisema ukweli akakiona cha moto? Nani huwadhalilisha wenzake kila siku na anaachwa kwa sababu analeta wateja wakubwa? Majibu ya maswali hayo yanajulikana na kila mtu, kuanzia mlinzi getini, na hayana uhusiano na mabango ya maadili yaliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo kiongozi asiyegusa mishahara, vyeo na nidhamu hajengi utamaduni wowote, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Mfano ninaoutumia zaidi kwenye mafunzo ni wa General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Mary Barra, mhandisi aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1980 akiwa bado mwanafunzi, alishika ukurugenzi mtendaji Januari 2014. Mwezi uliofuata kampuni ikaanza kurudisha magari yenye swichi mbovu ya kuwashia. Swichi hiyo iliweza kujizima gari likiwa mwendoni, injini ikakata, na mifuko ya hewa isifunguke ajali inapotokea. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliojua kuwa swichi ina kasoro kwa zaidi ya miaka kumi.

Ripoti ya uchunguzi ya mwanasheria Anton Valukas ilitoka Juni 2014, na natamani kila mjumbe wa bodi asome sehemu zake zinazoeleza vikao. Watu waliketi chumbani, wote wakatikisa vichwa kuukubali mpango, kisha wakatoka bila hata mmoja kuwa na nia ya kuutekeleza. Kulikuwa pia na mkao uliozoeleka: mikono imekunjwa kifuani, vidole vimeelekezwa kwa wengine, maana yake jukumu ni la fulani. Wapo ambao hawakuandika chochote katika vikao vya usalama kwa kuamini kwamba wanasheria wa kampuni hawataki maandishi. Hao walikuwa wahandisi wasomi, wengi wao watu waungwana tu. Walikuwa wamejifunza, mwaka baada ya mwaka, kwamba anayelishika tatizo ndiye litakayemfia mikononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa cha watu ambao hawajawahi hata kukanyaga ofisi ile.

Barra aliiweka ripoti hadharani. Wafanyakazi 15 walifukuzwa, na ukaanzishwa utaratibu wa mfanyakazi yeyote kuripoti jambo la usalama. Lakini kwangu uamuzi mzito zaidi ulikuwa ule aliowatangazia wafanyakazi wake: kwamba hataki jambo hili lisahaulike, anataka libaki kwenye kumbukumbu ya kampuni. Viongozi wengi baada ya kashfa hutaka ukurasa ufungwe haraka. Ukurasa ukifungwa, wale waliokaa kimya hujifunza kwamba kukaa kimya kuliwasaidia.

Kuna kisa chake kingine, cha nyuma kidogo, alipokuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyohiyo. Kanuni za mavazi zilikuwa na kurasa kama kumi. Akazifuta, akaweka maneno mawili tu: vaa ipasavyo. Meneja mmoja mwandamizi akamwandikia kulalamika kwamba kanuni haitoshi, inahitaji ufafanuzi. Barra akampigia simu kumuuliza tatizo hasa ni nini. Ikaonekana kwamba baadhi ya watu wake huitwa ghafla kukutana na maofisa wa serikali, wakati siku hiyo wamekuja na suruali za jinzi. Barra akamwambia azungumze na timu yake. Wakazungumza, wakakubaliana kwamba wahusika watakuwa na suruali ya heshima kwenye kabati la kazini. Basi, ikaisha.

Kisa kinaonekana kidogo, lakini mimi nakiona ni somo kamili la uongozi. Kurasa kumi za kanuni zilikuwa zinampa meneja mahali pa kujificha asizungumze na watu wake. Meneja anayesimamia watu wengi na bajeti kubwa, akishindwa kuzungumza na timu yake kuhusu suruali, ataanzia wapi kuzungumza nao kuhusu swichi mbovu?

Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alikutana na jambo linalokaribiana na hili hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia kuona timu nzuri za wauguzi zikifanya makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zenye uongozi bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochunguza akabaini kwamba timu hizo zilikuwa huru kuyasema makosa yao, ilhali kwingine yalifunikwa. Tangu nilipousoma utafiti huo, nikiingia kwenye kampuni na kuambiwa hapa hatuna malalamiko kabisa, hapo ndipo naanza kuuliza maswali.

Nilishuhudia jambo hili kwa karibu katika kampuni moja niliyokuwa naishauri, inayoongozwa na mwanamke. Katika kikao cha kila wiki, kijana wa idara ya malipo aliomba kusema. Akaeleza, sauti ikimkwama, kwamba mfumo umekuwa ukiwatoza baadhi ya wateja mara mbili. Mkuu wa idara yake akadakia, "Hilo tutaliongea pembeni." Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Hapana, tuliongee hapa. Endelea, ndugu yangu." Kijana alipomaliza aliulizwa mambo matatu kwa sauti ya kawaida kabisa: uliliona lini, ulimwambia nani, ulijibiwa nini. Jibu la swali la tatu lilimfanya mkuu wa idara ainamie karatasi zake. Mkurugenzi hakumkaripia mtu. Alimgeukia katibu, akaagiza kumbukumbu za kikao zitaje kuwa tatizo liligunduliwa na kijana yule, kwa jina lake, na kwamba wateja warudishiwe fedha kabla ya kudai. Katika vikao vilivyofuata watu walianza kuleta mambo mezani yakiwa bado madogo.

Kilichonigusa pale ni kwamba hapakuwa na upole wala ukali wa kusimulia. Tunapenda kusema wanawake huongoza kwa huruma, kana kwamba huruma ni kipaji cha kuzaliwa. Mama yule alifuata utaratibu aliouamua mapema, na utaratibu unafundishika kwa yeyote, mwanamume au mwanamke. Sifa ya huruma ina gharama yake pia. Mwanamke akisifiwa kwa upole leo, kesho akifanya uamuzi mgumu ataambiwa amebadilika, amekuwa mkali, ana kiburi. Mwenzake mwanamume akifanya uamuzi uleule ataambiwa ana msimamo.

Hali hii inaonekana wazi zaidi kwenye vikao vya kupandisha vyeo, na hapo ndipo ningependa kila kiongozi mwanamke aweke nguvu zake kwanza. Nimeketi kwenye vikao hivyo mara nyingi. Jina la mwanamume likitajwa, mtu anasema, "Apewe nafasi tuone." Jina la mwanamke mwenye rekodi ileile likitajwa, mtu anasema, "Ni mzuri, ila bado hajaiva." Hakuna mwenye nia mbaya chumbani. Mmoja anapimwa kwa anachoweza kuja kukifanya, mwingine kwa alichokwisha kukifanya, na hakuna anayegundua kwamba kipimo kimebadilishwa katikati ya mazungumzo.

Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la kutetea wanawake kazini la Lean In kuhusu kampuni za Marekani na Kanada inaonyesha kwamba kwa kila wanaume 100 wanaopandishwa kwa mara ya kwanza kuwa mameneja, wanawake ni 81. Pengo linaanzia hapo, ngazi ya kwanza kabisa, miaka mingi kabla mtu hajaota kiti cha mkurugenzi. Ndiyo maana sishangai kwamba idadi ya wanawake wanaoongoza kampuni 500 kubwa za Marekani zinazoorodheshwa na jarida la Fortune ilivuka asilimia 10 mwaka 2023 tu. Ndiyo maana pia viti vya bodi peke yake havitoshi. Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria ya asilimia 40 kwenye bodi za kampuni za umma za hisa, na bodi zikabadilika kweli, lakini watafiti waliofuatilia baadaye hawakuona mabadiliko ya maana kwa wanawake wa ngazi za chini katika kampuni hizohizo.

Dawa ninayoishauri haina mvuto: vigezo viandikwe kabla ya majina kutajwa. Kila anayesema "hajaiva" aulizwe ni kazi gani mahususi aliyoshindwa, na lini. Jibu lisipopatikana, neno hilo lisiandikwe popote. Mwenyekiti akishikilia utaratibu huo bila kuchoka, kikao kinabadilika, ingawa mwanzoni watu watanuna.

Halafu kuna kazi zisizohesabiwa. Kuandika kumbukumbu, kuratibu michango ya msiba, kumwelekeza mfanyakazi mpya, kusuluhisha wawili waliogombana. Mwanauchumi Linda Babcock na wenzake walichapisha mwaka 2017 majaribio kuhusu nani hujitolea kwa kazi za aina hii. Katika vikundi vya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi. Katika vikundi vya wanawake watupu au wanaume watupu, tofauti ikatoweka. Maana yake wanaume hujitolea vizuri tu ikiwa hakuna mwanamke wa kutegemewa kuzifanya. Kiongozi anaweza kulimaliza hili kwa zamu iliyoandikwa, na kwa kuziingiza kazi hizo kwenye tathmini ya utendaji kama kazi nyingine yoyote. Kama kweli zinajenga utamaduni wa kazi, zilipwe kama kazi.

Sina budi kugusia unyanyasaji, japo kwa ufupi, maana hapa sioni pande mbili. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unamlinda hata mwanafunzi wa mafunzo kazini na mwombaji wa kazi, na unahusu hata safari za kikazi na mawasiliano ya simu. Mnyanyasaji anayeachwa kwa sababu ana mauzo makubwa anawafundisha wafanyakazi wote bei ya heshima yao.

Kwa mwanamke aliyeitwa kushika uongozi, ushauri wangu ni achunguze kwanza anaitwa wakati gani. Watafiti Michelle Ryan na Alexander Haslam walipochunguza kampuni kubwa za Uingereza, katika utafiti wao wa mwaka 2005, waligundua kwamba wanawake waliingizwa kwenye bodi mara nyingi baada ya miezi ya matokeo mabaya. Anne Mulcahy alipewa kuiongoza Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za kunakili, mwaka 2001 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 17 na washauri wakizungumzia kufilisika. Alipunguza gharama na watu kwa uchungu mkubwa, lakini akakataa kugusa bajeti ya utafiti. Mwaka 2009 alimkabidhi kampuni Ursula Burns, mhandisi aliyeanzia hapohapo kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, na Burns akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni ya kundi hilo la Fortune 500. Makabidhiano yale yaliandaliwa kwa miaka, kwa Burns kupewa viwanda, mikataba na maamuzi yenye fedha ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, dada, omba majibu haya yawe kwenye maandishi. Je, utakuwa na kauli ya mwisho kuhusu vyeo vya mameneja wote? Utaona mishahara ya kila mtu, ikiwemo ya wakurugenzi wenzako? Ukiamua kumwondoa mwuza-bidhaa bora anayewanyanyasa wenzake, bodi itasimama nawe? Bodi ikisita kwenye swali la tatu, waombe wakueleze mtu wanayemfikiria ni nani.