Gauni la makumbusho si gauni la dirishani

Swahili Fashion Week, wiki ya maonesho ya mavazi, ilianza hapa Dar es Salaam mwaka 2008. Wabunifu waliokuwa chipukizi wakati ule, leo wana kazi za kujaza ukumbi mzima, na wanastahili maonesho ya kazi za maisha yao kwenye jumba la makumbusho. Natamani sana kuyaona. Ndiyo maana naona vyema tukasahihisha mapema dhana ambazo huwa nazisikia kuhusu maonesho kama hayo.

"Taa ziwe nyingi, shanga zing'ae."

Pita Kariakoo utazame kanga iliyoning'inia miezi kadhaa mbele ya duka. Ikunjue. Upande uliotazama jua umepauka, na pale kwenye mkunjo wekundu bado ni ule ule wa siku ya kwanza. Mwanga hula rangi na nyuzi, na ukishakula haurudishi. Tena hujilimbikiza: mwanga hafifu kwa saa nyingi hudhuru sawa na mwanga mkali kwa saa chache. Kwa hiyo makumbusho mengi duniani huweka nguo kwenye mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), wakati jua kali la mchana hufika lux 100,000.

Hapo ndipo mbunifu wa ukumbi anapopata kazi. Mgeni anayetoka kwenye jua la Mtaa wa Shaaban Robert, iliko Makumbusho ya Taifa, akiingizwa moja kwa moja kwenye lux 50, ataona giza tupu na kulalamika. Mjengee njia ya kuingilia ambayo mwanga wake unapungua hatua kwa hatua, na maelezo ya mwanzo yawekwe humo ili asimame asome macho yakizoea. Ukuta wa nyuma upakwe rangi nzito isiyong'aa. Akifika mbele ya gauni, taa moja ndogo iliyoelekezwa vizuri itamtosha kuona kila ushanga.

"Midoli ya dukani inatosha."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mdoli wa dukani ana umbo moja, lakini gauni lilishonwa kwa mwili wa mtu: pengine bega moja limeshuka, au kiuno kiko juu kidogo. Ukililazimisha, mshono wa kwapa ndio utakaotangulia kuachia. Chukua vipimo vya gauni lenyewe, kwa ndani, kisha tafuta mdoli mwembamba kuliko gauni na umjaze taratibu kwa pamba ya polista, juu yake marikani iliyofuliwa. Mdoli ndiye anayeifuata nguo. Gauni zito la shanga hubebwa na mabega, kwa hiyo mabega yajazwe kwanza. Nguo iliyokatwa mshazari hurefuka ikining'inia, na mara nyingi ni salama zaidi ikilazwa kwenye ubao ulioinama kidogo.

"Kiyoyozi kiwashwe wageni wakija, jioni kizimwe."

Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, koga huanza kuota. Kuwasha na kuzima hufanya nyuzi zivimbe na kusinyaa kila siku. Bora hali isiyobadilika badilika, kabati za kioo zilizozibwa vizuri, na silika geli, yaani chembe za kunyonya unyevu, ndani yake. Plaiwudi na rangi mbichi nazo hutoa mvuke unaodhuru vitambaa, kwa hiyo mafundi wamalize wiki kadhaa kabla nguo hazijaingia. Najua ratiba zetu zilivyo, lakini hili lisipunguzwe.

"Lazima nguo zipangwe kwa kufuata miaka zilipobuniwa."

Si lazima. Maonesho ya mbunifu wa mavazi Mwingereza, Alexander McQueen, kwenye Metropolitan Museum, New York, mwaka 2011, yalipangwa kwa mawazo yaliyomsukuma, na yalipata wageni zaidi ya 660,000. Kwa mbunifu wa hapa ningeanza na meza ya kukatia: chaki, mkasi, patani za karatasi zenye maandishi yake. Kisha nguo zifuate kwa hoja.

"Watu wetu watagusa tu, basi tuweke kamba kila mahali."

Watu hugusa kwa sababu kitambaa kinavuta mkono. Weka sampuli mpya za vitambaa vile vile kando ya nguo, kwenye kimo cha mtoto pia, ili apapase pindo la kanga huku bibi yake akimsomea jina la kanga hiyo.