Ubepari, ukomunisti na soko linalodhibitiwa

Anayetaka kutofautisha mifumo hii aanze na maswali mawili: nani anamiliki njia kuu za uchumi, yaani ardhi, viwanda, migodi na benki, na nani anapanga bei. Katika ubepari, njia hizo ni mali ya watu binafsi na makampuni yanayozalisha kwa ajili ya faida, na bei hupanda au kushuka kufuatana na wingi wa bidhaa na wa wanunuzi.

Ukomunisti, kama walivyoueleza wanafikra wa Kijerumani Karl Marx na Friedrich Engels mwaka 1848, unataka umiliki binafsi wa njia hizo ukomeshwe hadi jamii isiwe tena na matabaka. Umoja wa Kisovyeti haukudai kuwa umefika huko. Ulijiita nchi ya kijamaa, na ulichokiendesha tangu 1928 ni uchumi wa mipango ya miaka mitano, yaani serikali ndiyo iliyoamua nini kizalishwe na kwa bei gani.

Tuchukue mfano wa viatu. Katika uchumi wa mipango, kiwanda cha serikali huagizwa kutoa idadi fulani ya jozi kwa mwaka, na meneja hupimwa kwa idadi hiyo, kwa hiyo humfaa kushona vile vilivyo rahisi, hata kama rafu zinajaa viatu visivyotakiwa huku foleni ya vinavyotakiwa ikirefuka. Bei iliyopangwa ofisini haimwambii mtu yeyote kwamba kuna upungufu, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huo, kuliko uvivu wanaosingiziwa wafanyakazi. Katika soko huria la kibepari, upungufu huohuo hupandisha bei, na bei ikawavuta watengenezaji wengine. Lakini soko hilo halimjali mshonaji anayevuta mvuke wa gundi kutwa nzima, wala haliwazuii wenye viwanda kupatana bei kwa siri.

Soko linalodhibitiwa hujaribu kuziba pengo hilo kwa sheria. Ujerumani ilianzisha bima ya afya ya wafanyakazi mwaka 1883. Marekani ilitunga sheria dhidi ya ukiritimba (kampuni moja kulihodhi soko) mwaka 1890, ambayo kwayo kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilivunjwa mwaka 1911, na mwaka 1933, baada ya benki nyingi kufilisika, ikaweka bima ya amana, yaani ya fedha ambazo wateja wameweka benki. Wapo wanaouita mfumo huu ukomunisti, nao wanakosea, kwa sababu kiwanda kinabaki kuwa cha mwenyewe, faida ni yake na hasara ni yake.