Kemo ya kansa ya uume: dripu ndio inaua kweli?

Hapa Nairobi utaskia watu wakisema ati kansa ya uume ikishafika kinena, kemo (dawa za kuua kansa, zinazowekwa kwa dripu) itakumaliza haraka, afadhali urudi ushago unywe miti shamba. Si hivyo. Watu wanaona mtu ameanza dripu, baada ya muda amezikwa, basi wanalaumu dripu, kumbe wengi huenda hosi wakiwa wamechelewa sana juu ya aibu (na nani anataka kuongelea hiyo sehemu kwa mat?).

Tezi za kinena zikifura sana, daktari anaweza kuanza na kemo ndio zipungue halafu upasuaji ufuate. Mchanganyiko unaojulikana ni paklitakseli, ifosfamidi na sisiplatini, raundi 4, kila wiki 3 au 4. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuwa na wagonjwa 30 na nusu yao uvimbe ulipungua vizuri. Nusu si wote, sawa, lakini si sumu ya kuua watu.

Kansa ya mrija wa mkojo (ule unaotoa mkojo nje ya mwili) nayo, ikiwa imeenea, mara nyingi hutumiwa mchanganyiko wenye sisiplatini. Hiyo dawa inaweza kuumiza figo, ndio maana unapimwa damu kwanza na kuongezwa maji, so kama una shida ya figo sema mapema wakupangie ingine.