Vichaka Vifupi vya Maua kwa Nyuki, Vipepeo na Ndege Chozi

Mitaa mingi ya Dar es Salaam na Mombasa ina bogenvilia zilizofunika kuta, rangi tele, lakini nyuki ni wa kuhesabu. Tunachokiita ua la bogenvilia ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati, chembamba mno kwa nyuki. Anayetaka wachavushaji nyumbani, yaani wadudu na ndege wanaohamisha chavua (unga wa maua) kutoka ua hadi ua, asihadaike na rangi, aangalie umbo la ua.

Kwa uwanja mdogo mimi huanza na pentasi. Ni mmea wa kwetu, huota porini Afrika Mashariki, ingawa vitalu huuza zaidi aina fupi zisizozidi sentimita 60. Maua yake ya ncha tano hukaa kwa vishada, na mrija wake mrefu huwafaa vipepeo na ndege chozi. Nyuki wa asali, mwenye ulimi mfupi, mpe kivumbasi na mrehani. Tatizo ni kwamba mrehani huchumwa kabla haujachanua. Bakiza mashina mawili matatu.

Pentasi hupandwa kwa vipandikizi. Kata tawi changa lisilo na ua, lenye sentimita 10 hivi, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, uliweke kivulini. Likishika mizizi lihamishie juani, nusu mita kutoka mche hadi mche. Asiye na ardhi atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Samadi iwe kiasi, kwani ikizidi utavuna majani.

Ufupi wa kichaka hutokana na mkasi kama unavyotokana na aina. Chuma ncha za miche michanga ili itoe matawi, ondoa vishada vilivyokauka, na kichaka kikirefuka kipogolee theluthi moja. Usipogolee vyote siku moja, wadudu wakakosa chakula.

Yupo pia yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye watu humpiga kwa ndala. Mwenye pasheni amwache! Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali mara nyingi hubeba chavua bila kugusa sehemu inayoipokea. Huyu mweusi huigusa kwa mgongo wake. Kwenye nyanya na biringanya hushika ua na kulitikisa kwa mngurumo hadi chavua imwagike, kazi isiyowezwa na nyuki wa asali. Gogo kavu pembezoni mwa bustani humpa makazi, naye huenda akaacha boriti zako.

Lantana nayo huvuta vipepeo, lakini siishauri. Ni mgeni kutoka Amerika, ndege hutawanya mbegu zake, huvamia malisho, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi.

Ukilazimika kupiga dawa ya wadudu kwenye mboga zilizo karibu na vichaka hivi, subiri jioni nyuki wakisharudi mzingani, na usinyunyizie maua yaliyofunguka.